Bei ya Ukurasa

Shilingi arubaini ukurasa, napiga chapa:
wasia, hati za kuuza punda, barua za mirathi.
Kisha akaja Shekuwe Lali, karani mstaafu wa mahakama,
na daftari lililofungwa kwa utepe wa majalada.
"Kisa cha muuaji," akasema. "Anaua wanane.
Madaftari ni sita, nitayaleta moja moja."

Linafunguka ndani ya kichwa cha huyo mtu.
"Mimi," anasema, "nilisikia asumini yake kabla sijamwona."
Mimi, mimi, mimi. Hana jina, hana uso,
ana pua tu, na mkono wenye subira.
Vidole vyangu vikashika mwendo wake,
mpaka nikaacha kupiga, nikainusa mikono yangu.
Kumbe ndiyo hila:
msomaji hapewi kiti cha kutazamia,
anapewa ngozi ya mtu, aivae.

Polisi wana kurasa tano, muuaji moja na nusu,
na kila sura inakatika kitasa kikizunguka.
Mimi ninayelipwa kwa hesabu
usiku wa Jumanne nilisahau kuhesabu.

Yuko na fundi kufuli mwenye kovu,
kawekwa njiani kama ganda la ndizi.
Sikuteleza. Kitabuni, mwenye kovu
huwa hajaua hata kuku.

Lakini daftari la tatu lilinikera.
"Shekuwe, mji huu wa kitabuni ni upi?
Hapa Mkomani uchochoro haupishani punda wawili.
Mtu wako anatoka saa nane za usiku,
anapita chini ya wikio la kina Bi Zuhura,
ambaye ana pumu na halali,
na haulizwi, 'Nani huyo?'
Lamu hata kivuli hurudisha salamu."

Akaukunja utepe kidoleni, akaukunjua.
"Basi na arudishe."

Akaandika upya.
Sasa muuaji anasalimu.
Anauliza pumu imeamkaje.
Anampandishia mjane mtungi wa gesi mpaka darini,
anakataa chai, anasema haraka, kesho.
Hapakuwa na kisu ukurasa ule wala damu.
Nikakigeuza kiti changu kielekee mlangoni,
na Lali wa duka la pili aliponiambia "Masalkheri"
sikumjibu upesi.

Tatizo ni wale wanane.
Wa kwanza aliitwa maiti.
Wa pili, yule wa asumini.
Wa tatu hakupewa hata rangi ya kanga.
Wa tano anaingia ukurasa wa mia mbili na kumi,
mia mbili na kumi na mbili kesha kufa.

Nilimpa jina: Mwanate.
Nikampa deni la unga, nusu kilo, duka la Langoni,
mpwa anayemfundisha kusoma saa
na bado anachanganya robo na kasorobo,
na jino la nyuma linalomuuma akinywa cha baridi.
Ukurasa mzima. Sikuutoza.

Shekuwe aliusoma amesimama.
"Nani kampa huyu jino?"
"Mimi."
"Msomaji atachoka. Anataka kujua nani kaua."
"Msomaji wako wa kwanza ni mimi,
na mimi nataka kujua kafa nani."
"Hawezi kupona, Esha. Mia mbili na kumi na mbili, lazima afe."
"Na afe.
Ila mia mbili na kumi na moja ni yake."

Akahesabu pesa za daftari zima.
Mlangoni akageuka, akarudi,
akaweka arubaini nyingine, kando ya zile.

Daftari la sita hajalileta.
Wino umekauka mara mbili, mfungo umepita,
na muuaji simjui mpaka leo.
Wengine wananiuliza, hukereki?
Nakereka.
Lakini nikinywa maji ya jokofu,
huku nyuma, upande wa kushoto,
pananiuma.